Mjomba yupo, ila kama hayupo

"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wa nne nachora watu kwa rangi ya mafuta. Nimemchora mjomba wangu, mzee wa miaka 60 na kidogo, mcheshi, nyumba haikai kimya akiwepo. Hana muda wa kukaa nimchore, basi nilimpiga picha kwa simu nikachora kutoka humo. Vipimo nimevihakiki kwa mistari na viko sawa. Mkewe alipoiona alinyamaza, kisha akasema, 'Ni yeye, ila kama hayupo.' Nimekosea wapi? Hiyo tabia ya mtu inakaa wapi usoni? Au ningemchora anacheka? Nimekutumia picha ya kazi yenyewe uitazame."

Marahaba, mwanangu. Kwanza, huyo mkewe ana jicho. Kazi yako ijayo mwonyeshe yeye kabla hujamwonyesha mchoraji yeyote.

Picha nimeitazama mara mbili, asubuhi na jioni. Mfanano upo, na pua ile ni pua ya mtu mmoja tu duniani, kwa hiyo mambo ya vipimo tuyaache. Shida iko mahali pengine: umemchora mjomba akiwa anangoja. Alisimama mbele ya simu, akajinyoosha, akafunga mdomo kwa adabu, akasubiri ubonyeze. Mtu anayengoja kupigwa picha anafanana na kila mtu anayengoja kupigwa picha. Mabega yamelingana, kidevu kimeinuliwa kidogo, macho yanatazama kitu ambacho si mtu. Halafu wewe ukaichukua sekunde ile, ukaitia rangi wiki nzima kwa uaminifu mkubwa.

Umeuliza tabia inakaa wapi. Nitakujibu ninavyoamini baada ya miaka mingi ya kukosea. Haikai kwenye umbo la pua wala ukubwa wa macho. Hivyo amezaliwa navyo, na ndugu yake anaweza kuwa navyo vilevile akawa mtu mwingine kabisa. Tabia ni kile ambacho mwili hurudia bila kuagizwa. Mpe mtu kiti, mwambie akae vizuri, naye atakaa vizuri dakika 5, pengine 10. Kisha ataanza kurudi. Bega moja litashuka. Kichwa kitaegemea upande uleule kilikoegemea jana na juzi. Mkono utatafuta mahali pake: chini ya kidevu, juu ya goti, ndani ya mkono mwenzake. Hapo anaporudi ndipo alipo.

Nilijifunza hili kwa mama mmoja, mkunga mstaafu. Watoto wake walitaka picha ya kutundika sebuleni. Alikuja amevaa nguo yake nzuri, akakaa wima kama wa picha ya kitambulisho, viganja juu ya magoti. Nilimchora hivyo siku 2, kwa muda wa saa 3 kila siku, na moyoni nilijisifu kwa jinsi shavu lilivyokuwa linatoka. Siku ya tatu mtoto mchanga akaanza kulia nyumba ya jirani. Yule mama hakuinuka. Aligeuza kichwa kidogo tu, sikio likatangulia, kidevu kikashuka, nyusi moja ikapanda kama ya mtu anayehesabu. Kidole gumba cha kulia kikaanza kusugua ukucha wa gumba la kushoto, polepole. Alikisikiliza kilio kile kama fundi anavyosikiliza injini. Kisha akasema, "Ana njaa tu huyo," akarudi kwenye kitambulisho chake.

Nilichukua kisu cha rangi nikaukwangua uso wote. Maskini, alidhani amenikosea. Tukaendelea vikao vingine 4, na sikumwambia tena akae vipi. Niliweka kiti karibu na dirisha na kumuuliza habari za kazi yake. Siku ya kukabidhi, binti yake aliitazama picha, akamgeukia mama: "Hapa unataka kutuuliza tumefanya nini." Nilijua kazi imeisha.

Sasa angalia nilichobadilisha pale. Pua ilibaki ileile, macho yaleyale. Kilichohama ni mwelekeo wa kichwa, urefu wa nyusi moja, na mikono. Vitu 3. Wachoraji wengi huanza kusaka tabia kwenye mboni za macho, na wakiikosa huongeza maelezo: kunyanzi moja zaidi, ndevu moja zaidi. Ndicho ulichofanya kwenye mvi za mjomba. Nimeweza kuzihesabu.

Kuna jozi moja ya picha ambayo kila mchoraji wa watu anapaswa kuitazama kwa utulivu. Mwaka 1650, akiwa Rome, Diego Velázquez alichora watu wawili waliokuwa mbingu na ardhi kwa cheo: Papa Innocent X, na Juan de Pareja, msaidizi wake ambaye alikuwa mtumwa wake. Papa ana kiti cha fahari, nguo nyekundu, pete na karatasi mkononi. Lakini midomo imebanwa, nyusi zimevutwa, na macho yanakutazama kama ya mtu aliyekwisha kujua unachotaka kumficha. Pareja hana kiti. Ana mkono mmoja uliopita mbele ya kiuno na shingo iliyosimama, naye anakutazama bila haraka ya kushusha macho. Velázquez alitia saini hati ya kumwachia huru mwaka huohuo. Ukifunika nyuso zote mbili kwa kidole, bado miili itakwambia nani ana wasiwasi na nani hana. Jaribu jambo hilohilo kwenye kazi yako: funika uso wa mjomba, uone kama kilichobaki kinasema chochote. Mimi nilipoufunika nilibaki na shati.

Kabla hujagusa tena burashi, andika sentensi moja kuhusu mjomba wako. Usiandike "mcheshi." Neno hilo halichoreki. Andika anachofanya: huanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, humshika mkono anayezungumza naye, husogeza kiti mbele akitaka kudanganya kidogo. Sijui lipi ni lake, wewe unajua. Sifa haikupi mahali pa kuweka mkono, kitendo kinakupa. Na ukubali kwamba utamchora mjomba wako wewe. Anayemjua mkewe ni mwingine, na wanayemjua kazini kwake ni mwingine tena. Ukitaka kuwaridhisha wote utaishia na yule anayengoja kupigwa picha, kwa sababu huyo ndiye pekee wanayekubaliana.

Kuhusu kumchora anacheka: mimi ningesema hapana, na si kwa sababu ni vigumu. Kicheko ni mwendo. Kinapanda, kinafika, kinashuka, na tunakipenda kwa sababu kinapita. Ukikigandisha kwenye turubai, baada ya mwezi mmoja ukutani kinaanza kuonekana kama maumivu. Meno ndiyo huharibu zaidi: ukiyachora moja moja yanatawala uso mzima, na jicho la mtazamaji haliendi pengine. Kama ni lazima, yachore kama ukanda mmoja wenye kivuli pembeni, weupe wake uupunguze sana, na mstari kati ya jino na jino usiuguse.

Kuna jambo jingine. Guillaume Duchenne, daktari Mfaransa wa karne ya 19, alionyesha kwamba furaha ya kweli huvuta pia msuli unaozunguka jicho, ambao yeye aliamini hautii amri yetu. Ndiyo maana tabasamu la kuagizwa mara nyingi linaishia mdomoni. Ukimwambia mjomba "cheka," utapata mdomo unaocheka chini ya macho yanayosubiri, nawe kwa uaminifu wako utavichora vyote viwili.

Mchore akiwa anataka kucheka, au amemaliza sasa hivi. Kope la chini linakuwa bado limepanda kidogo, shavu halijarudi lote mahali pake, na mdomo umefungwa lakini pembe zake hazijatulia. Frans Hals alikuwa bingwa wa hapo. Ile picha yake ya mwaka 1624 inayojulikana kwa jina la Kabaila Anayecheka, ukiikagua vizuri, yule bwana hacheki. Masharubu yamepinda juu, kiwiko kimetupwa mbele kuelekea kwetu, mkono uko kiunoni, na mdomo umefungwa. Jina la kicheko alipewa karne ya 19, zaidi ya miaka 200 baadaye, na watu walilikubali kwa sababu mwili wote ule unacheka isipokuwa mdomo.

Macho nitayapitia haraka, maana naona yanasifiwa kuliko yanavyostahili. Yako yana makosa 3, na yote yanarekebishika kwa nusu saa. Weupe wa jicho umeuacha mweupe wa kopo. Jicho ni tufe, kope linalitupia kivuli, kwa hiyo weupe ule kwa kawaida ni kijivu kilichofifia chenye joto kidogo, yaani kinachoelekea wekundu, kwenye pembe. Pili, duara la rangi linalozunguka mboni linaonekana zima. Kwa mtu aliyetulia kope la juu hulikata duara hilo kwa juu. Likionekana zima, mtu ameshtuka. Tatu, macho yote mawili yana nukta ya mwanga yenye ukubwa na ukali uleule. Lililo mbali na dirisha lipe nukta hafifu, au usilipe kabisa.

Na hapo tunafika kwenye ulinganifu. Hakuna uso wenye pande mbili zilizo sawa, na mara nyingi tofauti ile ndogo ndiyo inayofanya tumtambue mtu kwa mbali. Kwenye picha ya simu uliyoniambatishia pembeni, pembe ya kushoto ya mdomo wa mjomba iko juu kidogo kuliko ya kulia. Kwenye turubai umezisawazisha. Nadhani mkono wako ulifanya hivyo wenyewe, maana mkono hupenda usawa. Geuza turubai kichwa chini, au itazame kwenye kioo, na utaona ni mara ngapi umemtengeneza mzee wa watu bila kuombwa.

Sasa kingo. Umeuzungushia mdomo mstari. Umezungushia pia kope, pua, sikio, kola, vyote kwa ukali uleule. Jicho la mtazamaji huamini kwamba penye ukali ndipo penye maana, na wewe umemwambia kila mahali pana maana. Leonardo alipomchora Mona Lisa, kazi aliyoianza mnamo mwaka 1503, alizififisha hasa pembe za mdomo na pembe za macho, kwa sababu hapo ndipo tunaposoma hisia za mtu. Akiziacha hazijakatwa, mtazamaji anazimalizia mwenyewe, na kila akirudi anazimalizia tofauti. Huna haja ya kufifisha kwake kote kule, kama kwa moshi. Chukua burashi kavu, safi, na rangi ikiwa bado mbichi, pitisha mara moja kwenye pembe ya mdomo ya kushoto. Mara moja tu. Ukirudia mara tatu unapata tope.

Rembrandt alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1654 alimchora rafiki yake Jan Six akiwa amesimama anashughulika na glovu yake, joho jekundu begani. Uso umechorwa kwa subira. Mikono na glovu vimepigwa kwa haraka, na mapambo ya dhahabu ya joho ni mipigo mifupi mifupi ya burashi ambayo ukisogea karibu inabaki kuwa rangi tu. Ni mtu aliye njiani kutoka, mawazo yamekwisha kutangulia. Angechora kila kifungo, yule bwana asingeondoka hadi leo.

Kwa rangi ya ngozi nina neno moja tu. Vivuli vya uso wa mjomba umevitengeneza kwa nyeusi ya tyubu. Ngozi nyeusi haipendi nyeusi hiyo, inakuwa mkaa. Changanya kahawia iliyoungua na bluu ya ultramarini, ongeza nyekundu nzito kidogo kwenye masikio, pua na chini ya mashavu, kisha umbo lenyewe lisome kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Mng'ao kwenye paji la uso na juu ya shavu mara nyingi una ubaridi, yaani ubluu, wa dirisha au anga. Ukiuweka mahali pake, uso unapata unyevu wa kitu kilicho hai.

Umesema hana muda wa kukaa. Wengi hawana, na kusema kweli wanaokaa wakatulia sana wana hasara yao. Paul Cézanne alimkalisha mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard zaidi ya mara 100 mwaka 1899, na kwa masimulizi ya Vollard mwenyewe, alipojitikisa alifokewa kwamba tofaa halitikisiki. Picha ni kubwa kweli, lakini nadhani hata Cézanne asingedai kwamba alikuwa anatafuta alichokiona mkewe mjomba.

Kwa hiyo usimwite, mfuate. Nenda na daftari dogo na penseli pale anapofanya shughuli zake, akila, akibishana, akitafuta miwani yake. Chora michoro 15 ya dakika 2 kila mmoja. Usichore macho kabisa katika hii 15. Chora pembe ya kichwa juu ya shingo, mstari wa mabega, na mikono iko wapi. Usifute. Ukifika nyumbani itandaze sakafuni, na utaona mkao mmoja umejirudia mara 5 au 6 bila wewe kupanga. Huo ndio wa kuchora. Kisha muombe vikao 2 tu, kila kimoja vipande vya dakika 20 hadi 25 na mapumziko katikati, na awepo mtu wa kuzungumza naye. Si wewe, ukiwa unazungumza hutazami. Mkewe atafaa sana. Akikaa upande wa dirisha, mjomba atageukia mwanga bila kuambiwa.

Simu si dhambi, nami naitumia. Ila usiisogeze karibu. Ukipiga kutoka umbali wa mkono, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma mita 2 hivi, ukuze picha baadaye. Na bora kuliko picha ni video. Mrekodi dakika 3 akisimulia jambo, itazame mara kadhaa, kisha zima simu uchore unachokikumbuka. Kumbukumbu huacha mengi, na mara nyingi inachokiacha ndicho ambacho hakikuhitajika. Picasso alimkalisha mwandishi Gertrude Stein vikao vingi sana mwaka 1905 na 1906, mwisho akaufuta uso, akaenda zake safari, na aliporudi akauchora bila yeye kuwepo.

Jiandae pia kwamba mjomba mwenyewe huenda asiipende. Uso anaoujua yeye ni ule wa kwenye kioo, ambao pande zake zimegeuzwa, na ambao kila akikaribia kioo anautengeneza. Wewe utamwonyesha mwingine, ule ambao wengine wanaishi nao. Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimpa Winston Churchill, alipotimiza miaka 80, picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland. Inamwonyesha amekaa, mzito, ameshika kiti kama asiyetaka kuinuka. Aliichukia, na baadaye familia iliifanya iteketezwe. Sidhani Sutherland alikosea kuona. Ila usichukue kisa hicho kuwa ruhusa ya kumchora mtu vibaya ukajiita mkweli. Nimewaona vijana wanaodhani uchungu ndio ukweli, kana kwamba mtu mchangamfu anaficha kitu. Mjomba wako huenda ni mchangamfu hadi ndani kabisa. Wapo.

Sasa turubai hii. Usiikwangue leo, mimi nilikwangua kwa sababu rangi ilikuwa mbichi na nilikuwa kijana. Yako imekwisha kukauka. Iache imegeuzwa ukutani mpaka umalize michoro ile 15. Ukiigeuza, shusha bega la kulia, tia kivuli weupe wa macho, rudisha pembe ya mdomo ya kushoto mahali pake, na uzifunike mvi zote kwa mipigo miwili au mitatu mipana. Kama mkao uliojirudia hauko mbali na huu, utamkuta humu humu. Kama uko mbali, anza turubai nyingine na hii iwe ya mazoezi. Shati usiliguse, limetoka vizuri sana.